Taa ya LED ya nyuma kwenye pikipiki ya Kichina: nzuri, ila rangi za waya zisikudanganye

Nimeinunua Kariakoo kwa shilingi 25,000. Ni nyembamba, kioo chake cha moshi, na indiketa zimo humohumo ndani. Kwa muonekano, sina neno.

Kazi iko kwenye nyaya. Boksi halina karatasi ya maelezo, na nyaya ni tano. Pikipiki yangu imeigwa Honda CG125, hivyo inafuata rangi za Honda: kijani ni hasi, kahawia ni taa inayowaka muda wote, kijani chenye mstari wa njano ni breki, chungwa ni indiketa ya kushoto, bluu ya mpauko ya kulia. Mweusi je? Huo ni chanya inayotoka kwenye swichi ya ufunguo. Sasa kwenye taa hii mweusi ndio hasi! Ukiunga mweusi kwa mweusi umeharibu.

Kwa hiyo kabla fundi hajakata kitu, tulishika mweusi kwenye hasi ya betri, halafu nyaya nyingine zikaguswa chanya mmoja mmoja, fyuzi ikiwa katikati. Mwekundu ukatoa mwanga hafifu: taa ya kawaida. Mweupe ukawaka mpaka fundi akageuza uso: breki. Ni dakika chache tu, hakuna kubahatisha.

Tulipounga ule mwekundu kwenye kahawia, injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kuvutwa mafuta) taa ilikuwa inachezacheza, maana waya ule kwangu unapata umeme wa magneti, yaani unaozalishwa injini ikizunguka, si wa betri. Tukauhamishia kwenye ule mweusi wa swichi. Sasa inawaka ukifungua ufunguo tu, na betri haihisi, kwani LED inakula kidogo kuliko ile balbu ya wati 5.

Usiku breki inaonekana mbali sana. Indiketa ndizo zimenikera: kushoto na kulia zimeachana kama kiganja, jua la mchana dereva wa nyuma hajui unakata wapi. Tena zilikuwa zinapepesa mbiombio, kwa kuwa flasha, kile kifaa kinachozipepesa, imezoea mzigo wa balbu. Nikarudisha indiketa za zamani, na flasha ikatulia bila kununua nyingine.

Kingine, kioo cha zamani kilikuwa na kiakisi mwanga, hiki hakina. Nimebandika chekundu kwenye madigadi. Ukikuta ya kioo chekundu, achana na hii ya moshi.