Vifurushi vya basi, Kange hadi Mbezi: kasi nzuri, risiti dhaifu

Kwa kasi, huduma hii ni ya kutegemewa. Kifurushi kilichowahi basi la asubuhi pale stendi ya Kange, Tanga, kwa kawaida kinapokelewa stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, mchana wa siku hiyohiyo, safari ya kilomita zipatazo 350. Tatizo liko kwenye karatasi.

Risiti nyingi huandikwa "kifurushi 1", basi. Hazina uzito, kilichomo wala thamani, na sahihi haisomeki. Mzigo ukipotea, karani anasema alimkabidhi kondakta, kondakta anasema hakuonyeshwa kitu, Mbezi wanasema haukushushwa kwao. Inawezekana wote watatu wanasema kweli! Hawajui, kwa kuwa tangu mwanzo hakuna aliyetakiwa kujua. Mwanya wa kukana hufunguliwa dirishani, mzigo unapopokelewa, na hapohapo ndipo pa kuuziba.

Mtake karani aandike kitu chenyewe: "simu 1, ndani ya boksi, Sh 400,000", pamoja na kilo, namba ya usajili ya basi na jina la karani mwenyewe kwa herufi zinazosomeka. Akigoma kuandika thamani, usimwachie kitu cha bei. Piga picha mzigo ukiwa juu ya mzani, risiti ikionekana pembeni. Nauli ilipwe kwa namba ya kampuni. Ukiituma kwenye simu ya karani, ofisi itasema haikupokea pesa yako, na hutakuwa na la kuwajibu.

Kuna ule muhuri wa "hatuhusiki na vitu vinavyovunjika". Wateja wengi wakiuona hukata tamaa hata mzigo ulipopotea mzima. Usikubali: kuvunjika na kupotea ni mambo mawili.

Upande wa Mbezi, mpokeaji afungue kabla ya kusaini. Akizuiwa, aandike "sijakagua" kando ya sahihi yake, maana "nimepokea salama" hudhoofisha madai yako. Mzigo usipoonekana, ulizia kwa ujumbe wa maandishi. "Tunafuatilia" ya kwenye simu kesho haina aliyeisema.

Ofisi ikiendelea kukurusha, malalamiko ya kifurushi yapeleke TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, inayosimamia huduma za posta na vifurushi chini ya sheria ya mwaka 2010. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hushughulika na basi na abiria wake. Ukianzia huko utapoteza muda. Ambatanisha risiti, picha na ujumbe wote, ukitaja tarehe na namba ya basi.