Walinirudishia mashine wakaniambia "fungua mpaka mwisho"

Nianze na haki ya karakana iliyoifumua mashine ya boti yangu, nisije nikaambiwa nimemwonea mtu. Kazi ya kuchonga silinda niliiona safi. Mistari ya msasa ilikatana vizuri ndani ya silinda zote mbili, na makali ya matundu ya kupitishia petroli na moshi yalikuwa yamelainishwa, jambo ambalo karakana nyingi hulisahau na ringi hujikwaa hapo zikavunjika. Mashine yenyewe ni Yamaha Enduro 40, ile ambayo mtu wa Lamu huijua kwa sauti kabla boti haijaonekana. Ilifumuliwa yote: pistoni mpya za saizi ya 0.50, ringi, beringi za kirenki, sili, gasketi. Bei ya haki, na hawakuchelewesha. Ningeandika siku ile ningewasifu.

Niliuliza swali moja tu, na kila anayelipia mashine ya tustroki, ile inayochoma oili pamoja na petroli, ana haki ya kulijibiwa. Nichanganye mafuta vipi, na saa za mwanzo niiendesheje? Fundi mkubwa hakuinua hata uso. "Bwana, changanya kama siku zote, fungua mpaka mwisho. Hii ni Yamaha, si mtoto wa kubembelezwa." Vijana wake wakacheka.

Haikufika Mokowe. Sauti ilianza kuwa nzito, mwendo ukapungua na hali mkono wa gesi umefunguliwa vile vile, kisha ikashika, pistoni ikaganda ndani ya silinda. Kamba ya kuwashia haikuvutika hata kidogo.

Pistoni ya juu ilipotolewa ilikuwa na mikwaruzo minne ya wima, kila pembe mmoja, miwili upande wa tundu la moshi na miwili upande wa pili. Alumini ilikuwa imepakazwa juu ya ringi mpaka ringi zikazikwa ndani ya mifereji yake. Aliyezoea mashine hizi akiona alama hizo haulizi mara mbili. Pistoni ikikosa oili, au mchanganyiko wa petroli na hewa ukiwa mkavu, yaani petroli chache, huungua zaidi upande wa moshi. Pembe zote nne zikikwaruzika, basi pistoni imetanuka kuliko nafasi iliyoachiwa. Pistoni ni alumini, ukuta wa silinda ni chuma, na alumini hutanuka upesi zaidi. Tena ukuta unapozwa na maji ya bahari tangu dakika ya kwanza, huku pistoni inapigwa moto kichwani. Ukiifungua kabla haijapata joto sawasawa, pistoni inanenepa ndani ya silinda ambayo bado ni baridi.

Na wao walisema nini? Petroli mbovu! Petroli ile ile iliyokuwa ikiendesha boti nyingine gatini siku hiyo hiyo. Hata pistoni hawakuiangalia. Mtu ameiweka juu ya meza yake, anaisogeza pembeni kwa kiwiko ili aweke kikombe cha chai.

Basi ngoja nieleze wanachopaswa kumwambia kila mteja, maana ni maneno ya dakika mbili. Mashine iliyofumuliwa huzoeshwa kwa saa 10. Katika saa hizo mchanganyiko ni 25 kwa 1, petroli 25 kwa oili 1. Tangi jekundu la lita 24 linataka mililita 960 za oili, karibu lita nzima, na jerikeni la lita 20 linataka mililita 800. Baada ya hapo unarudi 50 kwa 1, yaani nusu ya hizo. Oili iwe ya tustroki ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3. Oili ya bodaboda ya fostroki usiiguse, haikutengenezwa kuungua pamoja na petroli. Moshi utakuwa mwingi na plagi zitalowa. Hiyo ni kawaida, na mtu asikwambie ukaze kabureta kupunguza moshi. Oili ikizidi, petroli inayopita kwenye jeti inapungua kidogo, kwa hiyo mchanganyiko wa petroli na hewa tayari umeelekea ukavu. Ukikaza unaumalizia.

Dakika 10 za mwanzo iwe chini kabisa, na jicho lako liwe kwenye mkojo wa mashine, yale maji ya kupozea yanayoruka nje. Maji yakitoka kwa kusitasita, zima, angalia impela inayosukuma maji na njia za maji, maana chumvi iliyoganda ndani haiondoki kwa pistoni mpya. Mpaka saa ya kwanza iishe usipite nusu ya mkono. Saa ya pili, robo tatu. Saa 8 zilizobaki unaweza kufungua yote, lakini isizidi dakika 5 kwa mpigo, kisha shusha ipoe. Na muda wote badilisha mwendo, panda, shuka. Kuilaza kwenye mwendo mmoja wa chini saa zote 10 nako ni kuiharibu. Ringi hukaa kwa kusukumwa na moto wa kazi, na zisiposukumwa ukuta unang'aa kama kioo na nguvu zinavujia chini. Njia nzuri ni kutoka mjini kuelekea Matondoni, maji yakiwa yamejaa. Kwenye mkondo wa Mkanda usiipeleke mashine mpya maji yakiwa yamekupwa, utainyonyesha tope.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapa, kwamba kuchonga wanajua, ila ulimi na maelekezo hawana. Nalirudisha neno hilo. Silinda ya chini, ambayo haikushika, imepimwa kwa mikromita na fundi mwingine. Nafasi kati ya pistoni na ukuta ni ndogo kuliko inavyotakiwa, na juu hailingani na chini. Pistoni mpya hupimwa kwanza, kila moja peke yake, halafu silinda yake huchongwa kuifuata. Hawa walichonga kwa kuangalia namba iliyoandikwa kwenye boksi. Ile mistari mizuri ya msasa niliyoisifu ilikuwa imechorwa juu ya kipimo kibovu.

Kwa hiyo hata ningeibembeleza kama yai, pengine ingeshika siku nyingine, mbali zaidi, upande wa Kizingitini na kusi limeanza kuvuma. Hilo ndilo linalonichoma. Boti hubeba watu.

Wamekubali kuchonga upya bila malipo, pistoni ninunue mimi. Nimekataa. Bloku imeshatoka kwao, inachongwa kwingine, na safari hii vipimo vya kila silinda vimeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi kabla hata ringi hazijavishwa.