Ziara ya familia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, Limuru: uzoefu wangu (nyota 3 kati ya 5)

Mkipewa nafasi ya saa nne asubuhi, kataeni. Shamba hili hukamua saa kumi na moja alfajiri na saa kumi jioni. Saa nne mtakuta ng'ombe wamelala wanacheua, na ziara nzima itakuwa kuzunguka mabanda. Tulichukua ya saa tisa alasiri, na hiyo ndiyo inayostahili shilingi 500 kwa mtu mzima na 300 kwa mtoto. Vaeni gambuti, maana langoni kila mtu anakanyaga beseni la dawa, na mbebe jaketi: jua likianza kushuka, Limuru haina mzaha, hasa Juni hadi Agosti.

Ukamuaji ndio uliobeba ziara. Kiwele huoshwa kwa maji ya vuguvugu na kupanguswa, kila ng'ombe na kitambaa chake. Michirizi mitatu minne ya kwanza hukamuliwa kwenye kikombe chenye uso mweusi, kwa sababu juu ya weusi ule vibonge vya ugonjwa wa kiwele huonekana hata vikiwa vidogo kama punje ya chumvi. Mashine ikishashika chuchu, ng'ombe mmoja humaliza kwa dakika tano hadi saba. Hapo watoto wanyamaze, na si kwa ajili ya adabu tu: kule kupanguswa ndiko kunakomfanya ng'ombe ashushe maziwa, na homoni inayoyashusha haidumu zaidi ya dakika chache. Akishtuka anayabana, na hasara ni ya mwenye shamba. Simameni mbele kidogo ya bega lake, anakowaona. Teke la ng'ombe hufika hata ubavuni.

Baada ya hapo chuchu huchovywa kwenye ayodini, dawa ya kuua vijidudu, na ng'ombe hupelekwa moja kwa moja kwenye hori apate cha kula akiwa amesimama. Tundu la chuchu huchukua kama nusu saa kujifunga, na akilala kwenye samadi kabla ya hapo vijidudu hupata njia. Mwongozaji alilieleza hili bila kuulizwa. Nyota moja ni yake peke yake.

Kulisha ndama kwa chupa ndiko watoto watakakokupenda zaidi. Chupa ni ya lita mbili, na maziwa yake yawe na joto la mwili. Mtoto atataka kuiinua juu kabisa. Mzuieni, wala asiiminye. Ishikwe usawa wa kichwa cha ndama, shingo ikiwa imenyooka kama anayenyonya mamake, la sivyo maziwa huenda mapafuni. Ishikwe pia kwa mikono miwili. Ndama husukuma kwa kichwa, ndivyo anavyohimiza kiwele kishushe, na mtoto wa miaka minne ataangukia matako.

Sehemu ya malisho, yaani saileji (majani yaliyovundikwa) na mabingobingo (nyasi ndefu za kulishia), ilipitwa haraka mno.

Sasa kilichokata nyota. Pa kunawia palikuwa na sanitaiza tu, na sanitaiza haifanyi kazi vizuri kwenye mkono wenye kinyesi. Yanatakiwa maji yanayotiririka na sabuni kabla mtoto hajashika andazi, kwa hiyo bebeni jerikeni yenu ya lita tano. Kisha mwishoni tukapewa vikombe vya maziwa mabichi, bado yana joto la ng'ombe. Msinywe, hata babu akiapa kwamba ndiyo aliyokulia. Bruselosisi, ugonjwa wa mifugo unaomwingia mtu kupitia maziwa mabichi, haina rangi wala ladha. Nunueni, mkachemshe nyumbani.

Mwenye mifugo nyumbani ajihadhari pia wakati wa kuondoka. Beseni lilikuwa la wanaoingia tu, na hakuna aliyetuuliza kama tunafuga. Ugonjwa wa miguu na midomo husafiri vizuri sana kwenye soli, kwa hiyo sugueni samadi yote kwa brashi kwanza, kisha mkanyage dawa tena. Dawa haipenyi tope.