Sikukuu za miji ya Ulaya: uende ipi, na kitanda ukitafute wapi

Mtu akiniuliza aende mji gani wa Ulaya kwa siku tatu nne, mimi humuuliza kwanza ana likizo mwezi gani. Valencia ya Januari ni mji mzuri wenye michungwa na kijibaridi, basi. Valencia ya katikati ya Machi ina mamia ya sanamu zimesimama njia panda, moshi wa baruti, na watoto wa miaka mitano wenye visanduku vya fataki vinavyoning'inia shingoni. Nauli huenda ikazidi kidogo tu, lakini utakachorudi nacho nyumbani hakilingani hata kidogo.

Naishi Ujerumani, na kwa miaka kadhaa sasa safari zangu fupi zote zinafuata kalenda ya sikukuu. Sikukuu nyingi nzuri za huku hufanyika barabarani na hazina kiingilio. Pesa inaishia kwenye malazi. Wiki ile chumba huuzwa mara mbili au mara tatu ya bei yake, na vyumba huisha mapema. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kipimo kimoja kuliko vingine: je, unaweza kulala nje ya mji kwa bei ya kawaida, ukafika penye shughuli kwa treni au kivuko, na ukarudi usiku? Ni kama anayelala Kigamboni na kufanya kazi Posta. Mimi nakiita kitanda cha pembeni, na mji usiokuwa nacho nimeushusha.

1. Valencia, Hispania: Las Fallas, 15 hadi 19 Machi

Tarehe hazibadiliki, iwe Jumatatu au Jumapili, na hilo peke yake ni faida kubwa kwa mtu anayeomba ruhusa kazini. Kila mtaa una chama chake, na kila chama kinajenga sanamu mbili, kubwa na ya watoto, zinazowakejeli wanasiasa, wachezaji na yeyote aliyevuma mwaka ule. Nyingine zinafika juu ya paa za nyumba. Usiku wa tarehe 19, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, zote zinachomwa moto. Inasimuliwa kwamba ilianza kwa maseremala waliokuwa wakichoma mabaki ya mbao kumuadhimisha msimamizi wao. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2016. Kila sanamu imeundwa kwa vikaragosi vingi; kila mwaka watu hupiga kura, na vinavyopendwa zaidi ndivyo pekee vinavyosamehewa moto na kupelekwa makumbusho.

Lakini mimi ningekwenda kwa ajili ya mascletà hata kama sanamu zisingekuwepo. Kuanzia tarehe 1 hadi 19 Machi, saa nane kamili mchana, watu wanafurika mbele ya jengo la manispaa. Binti aliyechaguliwa kuwa malkia wa mwaka anatoka kwenye roshani na kutamka kwa Kivalencia: «Senyor pirotècnic, pot començar la mascletà», yaani bwana fundi wa fataki, waweza kuanza. Ni mchana kweupe, kwa hiyo hakuna cha kutazama angani isipokuwa moshi. Fataki hizi ni za kusikiliza. Fundi anazipanga kama mpiga ngoma: moja, mbili, kimya kidogo, halafu mdundo unajengeka, unapanda, unakaza, mpaka dakika ya mwisho ambayo wenyeji wanaiita tetemeko la ardhi. Unaisikia kwenye mbavu na kwenye nyayo. Niliyesimama naye, mzee mwenye fimbo, hakuziba masikio. Aliacha mdomo wazi kidogo, akafumba macho, na ilipokwisha alikuwa analia. Fika saa saba, la sivyo utaishia mtaa wa nyuma, ingawa hata huko mdundo unakufikia.

Usikose pia tarehe 17 na 18, wanawake wa kila mtaa wanapopeleka mashada ya maua kwa Bikira, na mafundi wanayapachika moja moja kwenye mbao mpaka joho lake lote linakuwa maua. Na ule buñuelos za boga, ndugu zake kalimati, ila hizi zina tundu katikati, na unazichovya kwenye chokoleti nzito ya moto.

Kitanda cha pembeni: vitongoji vilivyo kwenye njia za metro, mfano Benimaclet, au miji ya jirani inayofikika kwa treni kama Sagunt. Karibu na manispaa hutalala kabisa, maana saa mbili asubuhi kuna bendi na fataki za kuamsha mtaa. Mwenye pumu, mtoto mchanga au mtu anayeshtuka kwa milipuko asiende. Hili nalisema kwa dhati, moshi na mlio haviishi siku zote tano.

2. Lisbon, Ureno: Santo António, usiku wa 12 kuamkia 13 Juni

Mtakatifu Antoni wanayemwita wa Padova alizaliwa Lisbon, na wenyeji hawajakubali kumwachia mtu. Usiku wa tarehe 12 vikundi vya mitaa hushindana kwa nyimbo na mavazi kwenye barabara ya Avenida da Liberdade, na baada ya hapo kila mtu anapanda vilima vya Alfama, Graça na Mouraria. Mbele ya kila mlango kuna jiko la mkaa na dagaa wakubwa wa kuchoma. Ukipewa samaki juu ya kipande cha mkate, usile mkate kwanza. Kula samaki kwa vidole, mkate unyonye mafuta na chumvi, kisha ule mwisho. Mtu aliyezoea Forodhani atajiona yuko nyumbani.

Kitu kingine kilichonigusa ni vyungu vidogo vya mrihani vinavyouzwa kila kona, vimechomekwa ua la karatasi na kikaratasi chenye ubeti wa mapenzi wa mistari minne. Mvulana humpa msichana. Wanakuonya usiuname kuunusa kwa pua, eti utakauka. Unauwekea kiganja juu taratibu, kisha unanusa kiganja. Nilimkumbuka bibi yangu akifunga kikuba, mrihani uleule na asumini.

Kitanda cha pembeni hapa ni ng'ambo ya mto Tejo, Almada. Kivuko kutoka Cacilhas hadi Cais do Sodré ni kama dakika kumi. Angalia tu kivuko cha mwisho ni saa ngapi. Lisbon yenyewe inatoza kodi ya wageni ya yuro 4 kwa mtu kwa usiku, kwa hiyo ifanyie hesabu. Ukikosa tarehe hizo, Porto wana São João usiku wa 23 Juni, ambako watu wanagongana vichwani kwa nyundo za plastiki zinazolia, kisha fataki za saa sita usiku juu ya mto Douro. Mimi naipenda Lisbon zaidi kwa ajili ya vichochoro, lakini anayependa kucheka na watu asiowajua atafurahi Porto.

3. Lyon, Ufaransa: Fête des Lumières, siku nne karibu na 8 Desemba

Hii ndiyo ninayowapendekezea wenye watoto. Mwaka 1852 sanamu ya Bikira ilikuwa izinduliwe kilimani Fourvière mwezi Septemba, mafuriko ya mto Saône yakaahirisha mpaka tarehe 8 Desemba. Siku hiyo nayo ikaja dhoruba, na ilipotulia watu wakawasha mishumaa madirishani bila kuagizwa na mtu. Leo kuta za majengo makubwa zinamulikwa picha za mwanga zinazokwenda na muziki, kazi za ajabu kweli, lakini ukitoka uwanja wa Terreaux ingia mtaa wa kawaida na uinue macho: safu za vikombe vya kioo vyenye mishumaa bado zipo kwenye kingo za madirisha.

Hakuna kiingilio, na hakuna anayekusukumia pombe. Baridi ni kali na umati unaongozwa kwa njia ya upande mmoja, kwa hiyo mtoto mdogo mbebe mgongoni, kigari kiache chumbani. Kitanda cha pembeni ni Villeurbanne, metro inafika. Kutoka Paris ni saa mbili kwa treni ya mwendo kasi, ila usitegemee kwenda na kurudi usiku uleule.

4. Strasbourg, Ufaransa: soko la Krismasi, mwisho wa Novemba hadi 24 Desemba

Soko hili lina historia tangu 1570. Faida yake ni urefu: una wiki nne za kuchagua, na Jumanne ya wiki ya kwanza umati ni mdogo kuliko wa Jumamosi. Hasara ni kwamba vibanda ni vibanda. Baada ya jioni mbili umemaliza. Nunua bredele, biskuti ndogo za Alsace, mkoa wa huku, na juisi ya tufaha ya moto kama hunywi divai. Kikombe unalipia amana, kirudishe upewe pesa yako.

Kitanda cha pembeni cha hapa ni kizuri kuliko vyote kwenye orodha: Kehl, mji wa Ujerumani ng'ambo ya mto Rhine. Tangu 2017 tramu D inavuka daraja kutoka Kehl mpaka Strasbourg. Beba pasipoti, maana unavuka mpaka kila siku.

5. Edinburgh, Scotland: Fringe, Agosti

Mwaka 1947 vikundi vinane vya maigizo vilivyokuwa havikualikwa kwenye tamasha rasmi vilikuja vikacheza kivyao pembeni. Leo pembeni pamekuwa pakubwa kuliko katikati: maonyesho zaidi ya 3,000 kwa wiki tatu na ushei. Kwa anayependa vichekesho na tamthilia hakuna mahali pa kulinganisha. Yapo mengi ya bure ambayo unatia chochote kwenye kofia mwishoni.

Mbona basi ya tano? Malazi. Mimi niliweka chumba Februari, na wiki tatu kabla ya safari mwenye nyumba akaghairi. Siku mbili baadaye nikakiona chumba kilekile kimetangazwa kwa bei ya mara mbili. Nikalala Glasgow, treni ya kama dakika 50, na nikakuta hicho ndicho kitanda cha pembeni nilichopaswa kukitafuta tangu mwanzo. Tangu 24 Julai 2026 jiji pia linatoza asilimia 5 ya bei ya malazi kwa siku tano za kwanza. Na kumbuka viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya bara, haikuingizi Uingereza.

6. Venice, Italia: Karnivali, Februari au mwanzo wa Machi

Inaisha Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu, kwa hiyo tarehe inahama na Pasaka. Mavazi na barakoa ni mazuri kweli, hasa alfajiri uwanja wa San Marco ukiwa bado mtupu. Ila dansi za kwenye makasri zinauzwa mamia ya yuro, tiketi moja ya boti ya abiria ni yuro 9.50, na wikiendi ya mwisho vichochoro vinaziba kabisa. Ukienda, nenda katikati ya wiki na ulale Mestre, au Padova, ambako ni kama nusu saa kwa treni. Waislamu waangalie kalenda: mwaka 2027 Jumanne hiyo ni 9 Februari, na Ramadhani inatarajiwa kuanza siku hizohizo. Fallas ya mwaka huo itakuja baada ya Idi.

7. Munich, Ujerumani: Oktoberfest, Septemba hadi mwanzo wa Oktoba

Kuingia uwanjani ni bure tangu zamani, na ilianza na harusi ya mwanamfalme Ludwig mwaka 1810. Lakini shughuli yenyewe ni bia, mwaka 2025 lita moja ilikuwa kati ya yuro 14.50 na 15.80, na meza nyingi za mahemani huwa zimeshawekwa na makampuni na marafiki wa miaka mingi. Bei za hoteli zinatisha. Kama uko karibu, nenda Jumanne mchana, siku ya familia, bembea na vyakula vinashushwa bei, kisha rudi kulala Augsburg.

Kabla hujalipa

Anza na tarehe, halafu kitanda kinachoweza kughairiwa bila faini, halafu viza, na ndege mwishoni. Tovuti zinakuvutia uanze na ndege, na ndivyo watu wanavyojikuta na tiketi isiyorudishwa na hakuna pa kulala. Unayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, maombi ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Unaomba ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo anayelala Kehl ili aende Strasbourg aombe Ujerumani, asiombe Ufaransa. Miadi ndiyo huwa migumu kupatikana kuliko viza yenyewe, basi ikamate dirisha likifunguka tu. Kwa Fallas, hiyo ni katikati ya Septemba.