Kuskani vitabu vya zamani Kigoma, uzoefu wangu

Mi natunza kabati la vitabu la madrasa yetu hapa Ujiji. Mvua za mwaka jana tukakuta mchwa wameshamaliza rafu ya chini, vitabu vinne ukivishika vinamwagika unga tu, niliumia sana aisee, nikasema hivi vilivyobaki lazima viskaniwe.

Steshenari ya kwanza niliyoenda siitaji jina. Jamaa alikifunua kitabu akakilaza kifudifudi kwenye kioo, akakandamiza mfuniko kwa kiwiko, nikasikia ta! mgongo umepasuka, na ni kitabu cha babu yake maalim kile. Kufika nyumbani nafungua flashi, maneno ya karibu na mshono yote yamemezwa na kivuli, alafu kumbe aliskani kwa dpi 100, yaani ubora mdogo wa picha, ukikuza nukta hazionekani. Na herufi za Kiarabu nukta ndo kila kitu jamani, katikati ya neno jino ni lile lile, nukta moja juu ni nun, mbili juu ni ta, moja chini ni ba, nukta ikipotea na neno limepotea.

Ndo nikaelekezwa kwa dada mmoja mtaa wa Mwanga, hapa hapa Kigoma. Huyu hana kioo cha kukandamiza, ana kamera iko juu kwenye stendi inaangalia chini, kitabu kinakaa kwenye mbao mbili zimeinama kama V kwa hiyo kinafunguka nusu tu, taa huku na huku. Anafunua taratibu kwa vidole, kwanza kanawa mikono kaikausha kabisa. Kitabu cha kurasa 212 kilichukua kama masaa matatu, kwa dpi 400, akanipa TIFF, yale mafaili mazito ya picha, za kutunza na PDF nyepesi za kusomea kwenye simu. Akanisisitiza nakala ziwe tatu na moja isikae nyumba hii hii. Nyota 4, ya tano nimeibana kwa sababu foleni yake nilisubiri wiki mbili.

Vile vya zamani kabisa nimeanza kuvipandisha Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni aliyoianzisha Brewster Kahle kule Marekani 1996, bure kabisa, unahitaji akaunti na bando tu. Nilivutiwa nayo siku niliyokuta humo kitabu cha Stanley cha 1872, anaeleza alivyokutana na Livingstone hapa hapa kwetu 1871, nakisoma kwenye simu na mnara wa kumbukumbu yao ni mwendo wa miguu toka kwangu, watoto wetu wanaimbiwa hiyo habari kila siku na hawajawahi kuona hata kurasa moja! Ila angalieni hakimiliki, sheria yetu inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo vile vipya tumeviacha kwenye diski ya madrasa.

Kitu kingine, maandishi ya mkono usitegemee kompyuta ikutafutie neno, yangu ilitoa takataka tupu, tukakaa na vijana tukaandika faharasa wenyewe, jina la kitabu, mwenye nacho, kinahusu nini.

Juzi nilimkuzia maalim ukurasa mmoja kwenye tableti, macho yake siku hizi yanamsumbua, akayasoma mwenyewe maneno ya penseli aliyoandika babu yake pembeni, akarudia mara mbili, akaniambia kile kilichopasuka mgongo nacho kiende Mwanga. Jumamosi nakipeleka.