Toyota Premio ya mkononi: niliyoyapima kabla ya kuachana na klachi

Goti langu la kushoto ndilo lililonitoa kwenye gari la gia za mkono. Nafundisha sekondari upande wa Ihumwa na nyumba yangu iko Nkuhungu, kwa hiyo kila siku ya kazi naukata mji mzima wa Dodoma asubuhi na kuukata tena jioni, jumla kama kilomita 40. Kwa miaka tisa nimefanya hivyo na Starlet EP91, injini ya 4E, cc 1331, na sina neno baya juu yake. Lakini tangu Serikali ihamie huku, barabara ya Dar es Salaam saa moja asubuhi si ile niliyoizoea. Magari yanayokwenda Mtumba kwenye mji wa Serikali, malori, bajaji, wote tuko pamoja, na mguu wa kushoto haupumziki: kanyaga, achia, kanyaga. Daktari aliponiambia goti limeanza kusagika, nikaanza kutafuta sedani ya otomatiki.

Sababu nyingine ni mama yangu. Yuko Kondoa, kama kilomita 160 kutoka hapa, na kila baada ya miezi miwili namleta mjini kliniki ya macho. Mama ni mrefu. Kwenye kiti cha nyuma cha Starlet anakaa ubavu, magoti yamegusa kiti cha mbele, na tukifika Msalato inabidi nimshushe taratibu aanze kunyoosha miguu kwanza ndipo tuendelee mjini. Halalamiki, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Pesa niliyokuwa nayo, akiba na mkopo wa SACCOS, ilikuwa milioni 13. Kuagiza Japani nilikuacha mapema. Gari la umri ninaoumudu limeshapita miaka kumi tangu litengenezwe, na hapo TRA wanaongeza ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya ushuru mwingine wote. Nikaamua kutafuta la mkononi, yaani lililokwisha kutumika hapa nchini, hapa hapa Dodoma, ambalo naweza kuliwasha, kuliendesha na kulipeleka kwa fundi wangu kabla sijatoa hata shilingi.

Nimeona magari matatu. La kwanza halina hadithi ndefu: sedani kubwa ya silinda sita, viti vya ngozi, inavutia kweli. Nilipomuuliza mwenye nalo linakula vipi akacheka akasema, "Mwalimu, hili ukilipenda huliulizi hivyo." Nikamshukuru, nikaondoka. Mimi nalisubiri tangazo la bei za mafuta la EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi kama wengine wanavyosubiri mshahara, kwa hiyo swali hilo lazima niulize.

La pili lilikuwa yadi, na hilo ndilo lililonifundisha. Lilikuwa limeoshwa mpaka ndani ya boneti, tairi zimepakwa dawa zinang'aa, kilomita zinasoma elfu sabini na kidogo kwa gari la mwaka 2004. Kijana wa yadi alikuwa ameshaliwasha kabla sijafika, limekwisha kupata moto. Nikatia D, gia ya kwenda mbele, nikahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, na ndipo likashika, kwa kishindo kama mtu aliyekusukuma mgongoni. Kijana akasema hiyo ni kawaida ya otomatiki. Fundi wangu alikuwa kiti cha pembeni, hakusema kitu. Tuliporudi akaomba karatasi ya chooni.

Hiki kipimo nakieleza taratibu kwa sababu hakigharimu kitu, na wengi hatukijui. Magari mengi ya otomatiki ya umri huo yana kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, mbali na kile cha oili ya injini. Gari likiwa limepata moto, mahali pa tambarare, injini inaunguruma, mguu kwenye breki, unapitisha gia zote kutoka P ya kuegeshea hadi L ya mwendo mdogo na kurudi P, kila moja ukiipa sekunde chache. Kisha unachomoa kijiti, unakifuta, unakirudisha, unakichomoa tena na kukigusisha kwenye karatasi nyeupe. Oili nzima ni nyekundu na inapenyeza mbele, karatasi inalowa kama umedondoshea juisi ya rozela. Ya gari lile ilikuwa na rangi ya kahawa nzito, ikabaki doa moja katikati lenye chembechembe nyeusi, na ilipofika puani ilinuka ugali ulioungua chini ya sufuria. Chembe zile ni vipande vya klachi zilizomo ndani ya gia boksi, zimelika. Hata ukibadilisha oili hazirudi. Fundi akaikunja karatasi, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, twende."

Njiani ndipo akaniambia jambo ambalo tangu siku hiyo nalirudia kwa kila anayeniuliza: muuzaji akikuletea otomatiki iliyokwisha kupata moto, rudi siku nyingine asubuhi uikute ya baridi. Na akikuruhusu kuiendesha dakika tano tu, hajakuruhusu. Kuna gia boksi zinazosumbua zikiwa baridi na nyingine zinazoteleza zikishapata moto, lazima uione katika hali zote mbili.

La tatu ni Premio ya mwaka 2005, ile ya umbo la kwanza, injini ya 1NZ cc 1496, namba D. Mwenye nalo ni mama mmoja mtumishi wa umma anayekaribia kustaafu na kurudi kwao Tanga. Nilimpata kwa mdomo, kupitia mwalimu mwenzangu, bila dalali. Nilimkuta kwake Ilazo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimemwomba asiliwashe. Nikaweka kiganja juu ya boneti, ya baridi. Akanikaribisha chai kwanza, nikamwambia "Dada, chai tutakunywa tukirudi," akaridhika.

Kwa nini Premio ya 1.5 na siyo nyingine? Kwanza gia boksi yake ni ya kawaida ya gia nne, inayotumia oili ya T-IV inayopatikana hapa mjini bila shida. Premio za umbo lililofuata, kuanzia 2007, nyingi zinakuja na CVT, ile yenye mkanda wa chuma na puli mbili badala ya gia. Hazina ubaya, zinakwenda laini na zinabana mafuta, lakini zinataka oili yake maalumu na fundi anayejua. Mtu mmoja akimimina oili ya otomatiki ya kawaida humo, umenunua gia boksi nyingine. Gari la mkononi hujui limepita kwa mafundi wangapi, kwa hiyo nilitaka ile inayosamehe. Pili, 1NZ ina taiming cheni, mnyororo wa chuma. Starlet yangu ina mkanda, na kila nikikaribia muda wa kuubadilisha nakuwa na wasiwasi nikitoka nje ya mji.

Tulilizungusha karibu saa mbili. Kutia D na R ya kurudi nyuma, linashika kabla sijamaliza kusema moja. Kutoka Ilazo hadi mjini gia zinaingia bila kuzihisi, unazisikia tu kwenye mlio wa injini ukishuka. Dodoma ni tambarare, kwa hiyo kwa mlima tulipanda UDOM, kwenye chuo kikuu. Nikasimama katikati ya mwinuko, nikaachia breki taratibu, likashika bila kurudi nyuma kwa kiasi cha kutisha. Nikakanyaga mafuta kwa nguvu, likashusha gia likapanda, injini haikulia bure. Hapo ndipo gia boksi iliyochoka inapojionyesha: mlio unapanda, mwendo haupandi. Kisha tukarudi nyuma kupanda kile kile kimwinuko kwa R, kwa sababu R inaweza kuwa imekufa wakati D bado nzima. Kushuka nikatoa O/D, ile gia ya juu kabisa, na baadaye nikatia 2, injini ikashika gari vizuri. Nasema hili kwa ajili ya wale wanaotia N, gia huru, mteremkoni wakidhani wanaokoa mafuta. Unaipa breki kazi yote peke yake, na gia boksi haipendi.

Karatasi tuliitoa tena. Wekundu uliofifia kidogo, bila harufu, bila chembe. Fundi akasema ibadilishwe mapema na iendelee.

Kilichonitia shaka ni rejeta. Maji yetu ya Dodoma yana chumvi, kila mwenye birika nyumbani anajua lile gamba jeupe la chini. Gari lilipopoa tulifungua kifuniko na tukakuta ukoko ule ule mdomoni. Yule dada alikiri kwamba kijana wa kuosha gari alikuwa akijazia maji ya bomba. Hili si dogo kwa otomatiki, kwa sababu oili ya gia boksi nayo hupozwa humo ndani ya rejeta, kwenye bomba lake. Rejeta ikiziba, gia boksi inapika oili yake. Bomba likitoboka, maji na oili vinachanganyika na unaona kitu kama maziwa ya pinki. Tulichunguza, maziwa hayakuwepo, na sindano ya joto ilikaa chini ya nusu hata tulipokuwa tunapanda UDOM na AC inafanya kazi. Lakini kusafisha mfumo mzima na kuweka kulanti, maji maalumu ya rejeta, nimeiingiza kwenye hesabu.

Tairi nazo. Kashata zake bado nene, ila ubavuni zimepasuka nyufa ndogo za jua. Nikasoma tarakimu nne za mwisho pembeni: 1417, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2017. Zote nne za wakati mmoja, zote za kutupa kabla ya safari ya Kondoa. Shokapu za nyuma zimechoka: tulipoketi wanne, tuta la kuingia mtaani kwangu lilikwangua chini. Na bampa la mbele ni refu kuliko nilivyozoea, kwenye korongo lililochimbwa na mvua karibu na nyumba yangu lazima nipite mshazari. Kuna wanaoweka spesa, vipande vya kuongeza urefu, kuliinua gari. Fundi wangu anasema shokapu na springi nzuri kwanza, na namwamini.

Kuendesha kwenyewe kulinipa somo. Dakika ya kwanza mguu wa kushoto ulitafuta klachi, ukaikuta breki, mkanda ukatubana sote. Toka hapo niliukunja nyuma chini ya kiti na nikaendesha kwa mguu mmoja. Nilipofika nyumbani na kushuka, goti halikuuma. Nilisimama mlangoni kidogo nikilisikiliza, nikaamini.

Mafuta: Starlet inanipa kama kilomita 14 na nusu kwa lita. Premio, kwa kujaza tenki mara mbili na kugawanya, imenipa 12 mjini. Kwa njia yangu ya kazi, siku 22 za mwezi, ni kama lita 12 na nusu zaidi. Ni pesa, sikatai, na nimemwambia mume wangu kabla hajaiona kwenye matumizi. Kingine ninachokipoteza ni kusukumwa. Starlet betri ikilala, wanafunzi wanne wanatosha. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, kwa hiyo betri mpya na waya wa kuazimia moto vimo kwenye bajeti. Na ikiharibika njiani isivutwe kwa kamba safari ndefu. Ibebwe, au tairi za mbele zinyanyuliwe.

Jumamosi iliyofuata mama alikuwa mjini, nikaomba gari tena nimpeleke kliniki nalo. Sikumwambia kitu. Akaingia nyuma, akakaa, magoti yakabaki na nafasi ya kiganja na zaidi mbele yake. Nikamwonyesha kwamba mgongo wa kiti cha nyuma unalala kidogo, akaulaza. Tulipofika alikuwa amesinzia. Sijawahi kumwona mama amesinzia ndani ya gari langu.

Bei aliyotaja ilikuwa milioni 13.8. Nikamwandikia kwenye karatasi: tairi nne, shokapu mbili, rejeta, oili ya gia boksi, betri. Hakubishana na kimoja, akakaa nayo usiku, asubuhi akasema 12.4. Nimelinganisha namba ya chesisi na kadi, herufi kwa herufi, jina la kwenye kadi ni lake, na nilipoangalia faini za trafiki kwa namba ya gari kulikuwa na moja ya elfu 30 ambayo aliilipa nikiwa pale pale.

Jumatatu tunakwenda wote TRA kuhamisha umiliki. Starlet inachukuliwa na kijana anayefanya kazi kwa fundi wangu, kwa kulipa kidogo kidogo, na nimemwonyesha tarehe niliyoiandika kwa kalamu ya marka ndani ya boneti: siku mkanda wa taiming ulipobadilishwa, na kilomita za siku hiyo.