Lenzi ya milimita 10-18 ndani ya Mapango ya Amboni: uzoefu wangu

Niliinunua mtumba, Canon EF-S 10-18mm, kwa sababu moja tu: Amboni. Kwa lenzi yangu ya harusi, ya milimita 50, ukiingia pangoni unapiga kipande cha ukuta, basi.

Siku ya kwanza nilikodi bodaboda kutoka Tanga mjini, kilomita kama nane barabara ya kwenda Mombasa, nikasimama mlangoni, nikaiweka kwenye milimita 10, pana kabisa, na kubonyeza. Kila kitu kimeingia! Nikarudi nyumbani nimefurahi, nikafungua kompyuta: picha bapa. Mawe ya chokaa ambayo maji yameyachonga kwa miaka na miaka yalionekana kama ukuta uliopigwa lipu na fundi mwenye haraka.

Kosa lilikuwa langu. Lenzi pana husukuma vya mbali viende mbali zaidi na kuvifanya vidogo, kwa hiyo usipoipa kitu cha karibu, jicho halina pa kuanzia. Mara ya pili nilipiga magoti kwenye tope, nikaisogeza hadi sentimita 30 hivi kutoka kwenye jiwe lenye mfereji uliochimbwa na maji. Mfereji ule ulianzia kona ya chini ya picha, ukapinda, ukaelekea kwenye mwanga wa mlangoni, na pale mwisho nikamwomba muongozaji asimame. Alitoka mdogo kama kidole, na hapo ndipo pango likajulikana ukubwa wake.

Kwa f/11, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, na fokasi ikiwa kama nusu mita, jiwe la karibu na mlango wa mbali vyote vilisomeka. Ila giza la mle linataka sekunde 15 au 20, kwa hiyo bila stendi usijisumbue, na ukishaifunga kwenye stendi zima ile swichi ya kuzuia mtikisiko. Ukitaka kubadilisha lenzi, ibadilishe kabla hujaingia. Popo wako juu yako, na hawana adabu.

Jambo lililonifaa kuliko yote halikutoka kwenye lenzi. Muongozaji alikuwa akiwaonyesha wageni umbo la mnyama ukutani, mimi nikawasha tochi ya simu nikamulika moja kwa moja. Akacheka. "Dada, ukimulika usoni humuoni. Mulika ubavuni." Akaishusha yake pembeni, na kila kibonye kikapata kivuli chake. Tangu hapo tochi yangu haikai tena karibu na kamera.

Lenzi yenyewe ni nyepesi, gramu 240, nami naipendekeza kwa mwenye kamera ya Canon ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga). Kwenye zile za sensa kubwa zenye kioo ndani (DSLR) haifungi.

Harusini nimeijaribu mara moja. Shangazi wa bwana harusi alikaa pembeni kabisa, lenzi ikamvuta, akatoka na bega pana kama mlango. Ile picha sijamtumia hadi leo.